Fizibile ikiungua njiani Kolwezi: ufanye nini, na usifanye nini

Kati ya Lubumbashi na Kolwezi kuko kilometa karibu 300. Mutu wa mugodi anaijua njia ile hata akifunga macho: Luisha, Likasi, Fungurume, vumbi, na makamio ya shaba yanayofuatana usiku muzima kama siafu. Motokari kuzimisha taa mu njia kama ile, giza imekwisha kuingia, haiko jambo la kucheka. Na mara mingi kinacholeta matatizo ni kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: fizibile.

Fizibile ni mulinzi. Ndani yake kuko kamba ndogo ya chuma iliyopimwa. Umeme ukipita kipimo, ile kamba inayeyuka, njia ya umeme inakatika, na waya zingine zinabaki salama. Ni yenyewe inapashwa kuungua, si waya. Kwa hiyo fizibile ikiungua haijaharibika bure: imefanya kazi yake, tena imekuambia kitu. Shida ni kwamba sisi wengi hatupendi kusikiliza.

Rangi yake ndiyo namba yake. Kwa zile za kawaida zenye miguu miwili, nyekundu ni ampere 10, ya buluu 15, ya njano 20, isiyo na rangi 25, ya kijani 30. Ya kahawia ni 7 na nusu, na ile ya kahawia ya kufifia ni 5. Namba imeandikwa pia juu yake, lakini usiku, na mikono yenye mafuta, rangi inasaidia zaidi.

Sanduku la fizibile, motokari nyingi zina mbili. Moja iko chini ya dashibodi, upande wa magoti ya shofere, ingine chini ya kapo, karibu na batri. Zile za Japani zinazopita Dar es Salaam na kuingia kupitia Kasumbalesa zina taabu yake: karatasi ya mufuniko mara mingi imeandikwa kijapani. Mama mwenye Noah au IST, siku moja ya mapumziko, mwambie fundi wako akuonyeshe ipi ni ya taa, ipi ya klakisoni, ipi ya pompi ya mafuta, na uandike kwa kifransa au kiswahili ku kipande cha karatasi. Hiyo kazi ya nusu saa utaishukuru siku ingine.

Sasa taa zimezimika njiani. Kwanza tazama ni nini kimekufa pamoja. Taa moja tu ya mbele? Pengine ni balbu, au fizibile ya upande ule, maana motokari nyingi zinaipa kila taa ya mbele fizibile yake. Taa mbili mara moja, ao taa na kitu kingine? Anza ku fizibile. Zima motere, toa ufunguo, vuta fizibile kwa kile kibanio kidogo cha plastiki kilichowekwa ndani ya sanduku. Usitumie bisibisi. Iinue mbele ya mwanga wa telefone: kama kamba ya ndani imekatika ao plastiki imekuwa nyeusi, imekufa. Wakati fulani kamba inaonekana nzima kumbe imepasuka. Mafundi wana taa ndogo ya kupimia, yenye waya mbili. Wanafunga moja ku chuma cha motokari, na ncha ya ingine wanagusa vile vidoti viwili vya chuma juu ya fizibile, kontakti ikiwa wazi na kile kitu kimewashwa. Ikiwaka pande zote mbili, fizibile ni nzima. Ikiwaka upande mumoja tu, imekatika. Isipowaka hata upande mumoja, umeme haufiki pale, na kosa liko mbele zaidi.

Hauna fizibile ya akiba? Azima ku motokari yenyewe. Toa ile ya radio ao ya kuchajia telefone, kama iko na namba sawasawa, na uiweke ku taa. Muziki utangoja Likasi. Lakini usiguse ya breki, ya taa za breki, wala ya mifuko ya hewa. Namba ndogo kuliko inayotakiwa inaweza kuungua tena, lakini haiwezi kukuletea moto. Namba kubwa, hapana kabisa.

Hapa ndipo maneno makubwa yanapoanza. Tuseme krezere amefanya kazi mwaka muzima mu shimo, ameweka makuta, ameuza kilo zake ku Musompo, na amenunua motokari ya kubebea watu, bibi yake aifuatilie. Fizibile ya taa inaungua. Kijana mumoja barabarani anasema: « Papa, usisumbuke, nitakufungia. » Anachukua ile karatasi ya kungaa ya paketi ya sigara, ao kipande cha waya, anazungusha ku miguu ya fizibile, taa zinawaka, anapewa franka zake. Wote wanafurahi. Lakini kuanzia dakika ile mulinzi hayuko tena. Kosa lililounguza fizibile lingali pale. Umeme utapita bila kipimo, waya nyuma ya dashibodi itapata moto, mupira wake utayeyuka, na ile waya itakuwa fizibile mupya. Tofauti ni kwamba hii inapita karibu na vitambaa, sponji na mutungi wa esanse. Motokari ya mwaka muzima inaweza kubakia vyuma tu mu dakika chache. Tungependa kusema hii ni hadithi ya kutisha watoto, lakini mu kila garaje kubwa ya Kolwezi utakuta fundi anayeweza kukuonyesha waya zilizoungana namna ile.

Fizibile mupya ya namba sawasawa ikiungua tena palepale, acha. Usiweke ya tatu. Kuko waya inayogusa chuma mahali fulani: imesuguliwa ku mulango, imeguguniwa na panya, ao mayi ya mvua imeingia ku taa ya nyuma. Lala njiani ao vutwa mupaka garaje.

Sababu ingine tunajitafutia sisi wenyewe. Balbu ya kawaida ya taa ya mbele ni wati 55. Gawanya kwa volti 12, unapata ampere karibu 4 na nusu. Mbili ni 9 na kitu. Kama zote mbili zinapita ku fizibile moja ya 15, inatosha. Sasa mutu anaweka balbu za wati 100 juu ya vumbi ya makamio: mbili zinapita 16. Fizibile itakatika, ina haki. Ni vile vile kwa muziki mukubwa na taa za juu ya paa. Ukitaka kuviongeza, fundi aweke waya yake nene, rele yake na fizibile yake.

Motokari ikisimama kabisa, fizibile ingoje. Kwanza uhai wa watu. Isukume nje ya lami, washa taa za hatari kama batri ingali na nguvu. Watu wote washuke na waende kando, mbali na barabara, watoto kwanza. Usiwaache wamelala ndani juu ya baridi. Motokari ya kilometa 80 kwa saa inapita metre 22 kwa sekunde moja, mbele hata shofere hajagusa breki. Kamio iliyojaa shaba inataka nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo triangle ao matawi ya miti, desturi yetu, yawe mbali: hatua 100 nyuma, na mengine mbele. Nyuma ya mulima ao kona, uyaweke kabla ya kona. Mukiondoka, matawi na mawe ya magurudumu yatoke barabarani. Jiwe lililosahauliwa linangoja pikipiki ya saa tisa ya usiku.

Batri imekufa, shofere wa kamio ana moyo muzuri, anakuja na kable. Mushukuru, lakini ukatae. Kamio ina batri mbili zilizofungwa pamoja, volti 24; motokari yako ni 12. Unaweza kuunguza kompyuta ya motere kwa sekunde moja. Ngoja motokari ndogo. Kable nyekundu ku plasi ya batri yako, kiisha ku plasi ya batri nzima. Nyeusi ku minusi ya batri nzima, na ncha ya mwisho ku chuma cha motere yako, mbali na batri, maana batri inatoa hewa inayoweza kulipuka.

Neno moja juu ya makamio ya mafuta na ya asidi, kwani mu njia yetu yote mbili yanapita. Ku Sange, mu Kivu ya Kusini, Julai 2010, kamio ya mafuta ilianguka, watu wakakaribia, moto ukawaka, na zaidi ya 200 wakafa. Mu Februari 2019, karibu na Tenke, ajali ya kamio ya asidi iliua watu wengi. Ikianguka moja, kimbia upande upepo unapotoka, usichote kitu, usivute sigara. Asidi ikikugusa, vua nguo na ujimwagie mayi mingi, dakika 20 ao zaidi, mbele ya kutafuta hospitali.

Na kwa wanaobakia nyumbani: mutu akiondoka, aache namba ya motokari na saa ya kuondoka. Akikwama, aandike mara moja kilometa iliyo ku jiwe la barabara ao kijiji cha karibu, telefone ikiwa bado na moto. « Niko Fungurume karibu » haisaidii. Njia ni ndefu, na mwenye kuja na fizibile usiku anataka kujua asimame wapi.