Kiboko Analisha Mto

Mto Rutshuru unapita katika Hifadhi ya Virunga, kisha unaingia katika Ziwa Edward, upande wa kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi. Wanyama wengi wanakaa mtoni na kando yake. Leo tusome habari za mmoja wao, ndiye kiboko.

Kiboko ni mzito sana. Dume mzima aweza kupita kilo 1,500. Ngozi yake ni nene, lakini hukauka upesi juani. Kwa hiyo mchana kutwa hukaa majini. Macho, masikio na pua zake ziko juu ya kichwa. Basi aweza kuona, kusikia na kuvuta pumzi, huku mwili wake wote umefichwa na maji. Akizama, hufunga pua na masikio, akakaa chini dakika 5 hivi.

Jua likichwa, viboko hutoka mtoni kwenda kula majani porini. Hufuata njia zao zile zile kila siku, hata udongo huchimbika kama mfereji. Usiku mmoja kiboko aweza kula kilo 40 za majani. Kabla ya mapambazuko hurudi majini.

Mchana viboko huacha mavi yao mtoni. Msicheke, watoto! Mavi hayo ni majani ya porini yaliyosagwa tumboni. Vijidudu na wadudu wa majini huyala. Samaki huwala wadudu hao. Mnandi, mwari na furukombe huwala samaki. Nasi pia twala samaki. Hivyo kiboko ni kama mchukuzi: kila usiku anakwenda porini, anarudi na chakula cha mto, wala hadai mshahara.

Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walipita 25,000. Baadaye vita vilikuja. Watu wenye bunduki waliwaua viboko ili wauze nyama na meno yao. Mwaka 2005 waliobaki hawakufika 1,000. Chakula cha samaki kikapungua. Tena wavuvi wengine walitumia nyavu zenye macho madogo, wakakamata hata watoto wa samaki. Wavuvi wakarudi na mitumbwi mitupu, na nyumbani watoto wakakosa kitoweo. Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao.

Tangu hapo walinzi wa hifadhi wanajitahidi kuwakinga viboko, na wengi wa walinzi hao wameuawa kazini. Viboko wameanza kuongezeka polepole, kwa sababu jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya kuchukua mimba miezi 8.

Lakini mjihadhari! Kiboko ni mkali, na meno yake yaweza kuvunja mtumbwi. Usisimame katika njia yake kati ya pori na maji. Usimkaribie jike mwenye mtoto. Mwacheni kiboko afanye kazi yake, nanyi mtapata samaki.

Maulizo
1. Kwa nini kiboko hukaa majini mchana?
2. Majani ya porini yanafikaje kwa samaki?
3. Viboko walipouawa, nani walipata hasara?