Je, Wajua? Mateke Kando, Ngumi Mbele

Vijiwe vya Dodoma havikosi ubishi, na mmoja haujaisha: mpiganaji wa MMA, aliyezoea ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, akihamia ngumi za kulipwa atafika wapi? Haya hapa ya kubishia.

Je, wajua kwamba Francis Ngannou wa Cameroon aliota kuwa bondia kabla hajaijua MMA? Utotoni alibeba mchanga machimboni kule Batié. Mwaka 2013 alifika Paris hana hata pa kulala, anatafuta ngumi; kocha Fernand Lopez ndiye aliyemvuta upande wa pili. Machi 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, shirika la mapambano ya MMA.

Je, wajua kwamba katika pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, Riyadh, Oktoba 28, 2023, Ngannou alimwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu? Majaji wawili walimpa Fury, 96-93 na 95-94. Wa tatu alimpa Ngannou 95-94. Hapa tusimame kidogo. Fury alipokwenda chini, Ngannou alilazimika kusogea pembeni, mwamuzi akaanza kuhesabu. Kwenye MMA hakuna kuhesabiwa: mwenzio akianguka unamrukia palepale na kummaliza. Kwangu mimi, sheria hiyo moja ndiyo iliyomwokoa Fury. Anayehamia ngumi ajue kwamba atampiga mtu, amwangushe, kisha amsubiri azinduke.

Je, wajua kilichofuata? Machi 8, 2024, bondia Anthony Joshua alimwangusha Ngannou mara tatu ndani ya raundi mbili, kazi ikaisha kwa KO. Oktoba mwaka huohuo Ngannou alirudi MMA akamchapa Renan Ferreira raundi ya kwanza.

Je, wajua kwamba glovu za MMA zina wakia 4 hivi, yaani kama gramu 113, na vidole viko nje? Za ngumi za kulipwa ni wakia 8 au 10, kutegemea uzito wa bondia. Glovu hizo nene ni ngao pia: bondia hukunja mikono, akaziba uso, ngumi ya mpinzani ikaishia kwenye glovu. Jaribu kuziba hivyo ukiwa na zile ndogo, ngumi itapenya katikati ya mikono. Ndiyo maana wengi wa MMA wamezoea kukwepa kwa kurudi nyuma. Ulingoni ukirudi nyuma hatua chache tu, mgongo umeshagusa kamba.

Je, wajua kwamba pambano la ubingwa la MMA ni raundi 5 za dakika 5, na la ngumi kwa wanaume ni raundi 12 za dakika 3? Dakika 25 kwa 36, na katika hizo 36 hakuna kulaliana chini kupumzisha mabega. Conor McGregor wa MMA alianza vizuri mbele ya bondia Floyd Mayweather, Las Vegas, Agosti 26, 2017. Raundi ya 10 mwamuzi akamwonea huruma, akasimamisha pambano.

Je, wajua kwamba Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari? Wapo wanaojigamba kwamba mwinuko huu unatosha kumpa bondia pumzi ya raundi hizo 12. Ila Iten, kambi ya wakimbiaji kule Kenya, iko kama mita 2,400. Mazoezi ya alfajiri Dodoma yatakujenga, lakini kwa jasho lako mwenyewe.

Je, wajua kwamba kuhama kunawezekana? Saensak Muangsurin alitoka kwenye mchezo wa mateke wa kwao Thailand, na mwaka 1975 akatwaa mkanda wa dunia wa WBC katika pambano lake la tatu tu la ngumi za kulipwa. Hapa kwetu Japhet Kaseba alitoka kickboxing akaingia ngumi, na huko akakutana na bondia Francis Cheka wa Morogoro. Cheka hakuwa mtu wa kujifunzia kazi.

Je, wajua kwamba safari ya kinyume nayo ina machungu yake? James Toney, bingwa wa ngumi wa uzito kadhaa, aliingia UFC mwaka 2010. Mpinzani wake, Randy Couture, alimvuta mguu, akamlaza chini, raundi ya kwanza haikuisha.



Je, wajua kwamba medali ya dhahabu ya Mtanzania Michael Yombayomba, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur 1998, ilitoka kwenye ngumi za ridhaa? Za shaba za Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike, michezo hiyohiyo, Birmingham 2022, vilevile. Basi kijana wa Dodoma mwenye mateke mazuri na hamu ya mkanda, pita ridhaa kwanza, upigwe pale ambapo kupigwa ni somo. Toka 2024 treni ya SGR inakushusha Morogoro, mji wa mabondia Cheka na Twaha Kiduku, kabla hujamaliza kusinzia. Ukiwa na miaka 20, hama. Ukiwa umepita 35 na promota anakuharakisha usaini, baki na mateke yako.