Redio ya Mkononi na Siri ya Doria

Ndugu wapiganaji na askari polisi, kila mmoja wenu aliyewahi kwenda doria anaifahamu simu ya upepo, na anafahamu pia kwamba adui naye ana masikio. Mwezi wa Agosti 1914, huko Prussia Mashariki, makamanda wa Urusi walipelekeana amri kwa redio bila kuzifumba. Wajerumani wakazisikiliza, wakapanga mashambulizi yao kwa kuzifuata, na jeshi la Jenerali Samsonov likazingirwa na kuangamizwa karibu na Tannenberg. Miaka 108 baadaye, Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, baadhi ya askari wake walikuwa na redio za kiraia zisizo na siri yoyote, na maneno yao yakanaswa hata na raia wapenzi wa redio.

Siku hizi redio ya mkononi yenye kufumba maneno si mali ya mataifa tajiri peke yao. Zile za kidijitali zinazofuata kanuni ya DMR, iliyotolewa Ulaya mwaka 2005, zimeshuka bei kiasi cha kuweza kununuliwa na vikosi vyenye mfuko mdogo. Lakini neno “siri” katika kijitabu cha muuzaji lina maana nyingi, na hapo ndipo fedha za umma zinapopotea.

Ziko redio ambazo siri yake ni kuipindua sauti tu, ile nene ikawa nyembamba na nyembamba ikawa nene. Yeyote mwenye chombo cha namna hiyo huirudisha mahali pake. Ziko nyingine ambazo funguo zake zote ni 255 tu, na mtu mwenye subira na mashine ndogo atazijaribu zote. Ufumbaji unaostahili kutafutwa ni ule uitwao AES wenye ufunguo wa biti 256. Ulipitishwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka 2001, baada ya mashindano ya wazi ambayo mabingwa wa dunia nzima waliruhusiwa kujaribu kuuvunja, na waliouunda ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Uwazi huo ndio dhamana yake. Mwaka 2023 wataalamu wa Uholanzi walifichua kwamba mojawapo ya mafumbo ya redio za TETRA, ambazo polisi wa nchi nyingi huzitumia, lilikuwa likiupunguza kimyakimya ufunguo wa biti 80 ukabaki na nguvu ya biti 32. Kwa muda wa miaka mingi wanunuzi waliambiwa waamini tu.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba siri ya redio huvunjwa na uchovu kuliko kuvunjwa na mabingwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza jinsi walivyowasikiliza maofisa wa usalama wa Marekani waliokuwa na redio za thamani kubwa zenye kufumba maneno. Waliwasikia wakizungumza waziwazi, mara nyingi bila wao wenyewe kujua. Wengine swichi ilikuwa imegeuka. Wengine mmoja wao alikosa ufunguo mpya, basi kundi zima likahamia kwenye maneno ya wazi ili mwenzao asiachwe. Nani kati yetu asiyewahi kuona jambo la namna hii? Kwa hiyo, afande anayechagua redio na aitazame swichi yake kwanza: je, askari mwenye glavu, usiku, mvua ikinyesha, atatambua kwamba anasema kwa siri? Bora zaidi ni ile inayoweza kupangwa isiseme kabisa bila ufunguo.

Linalofuata ni betri, nalo ndilo kubwa kwa kikosi kinacholala porini siku nyingi. Saa za betri zinazotangazwa na viwanda hupimwa mara nyingi kwa hesabu hii: katika kila saa moja, dakika 3 za kusema, dakika 3 za kusikiliza na dakika 54 za ukimya. Katika msitu kama ule wa Ituri, risasi zikianza kulia, hakuna kamanda anayesema dakika 3 tu. Na betri ikifa, askari hutoa simu yake ya mfukoni, na siri yote ikaishia hapo. Kila redio na iwe na betri mbili za akiba, na kila kikosi kiwe na chaja ya kutumia jua. Wenye doria za karibu wapunguze nguvu kutoka wati 5 hadi wati 1. Betri itadumu zaidi, na adui atapata shida zaidi kutambua mawimbi yanatoka wapi, maana kufumba maneno hakufichi mahali ulipo.

Masafa nayo yana mahali pake. VHF ya megahezi 136 hadi 174 hufaa zaidi porini, na UHF ya megahezi 400 na zaidi hupenya vizuri majengo ya mjini, hivyo polisi wa jiji na askari wa mpakani hawana sababu ya kununua chombo kimoja.

Muuzaji na aulizwe pia kama AES imo katika bei au inalipiwa peke yake, kama redio yake itasikilizana na za kiwanda kingine zikiwa zimefumbwa, na kama redio iliyotekwa yaweza kuzimwa kutoka mbali. Jibu lolote atakalotoa, kamanda wa kikosi cha mawasiliano abadilishe funguo zote siku hiyohiyo redio inapopotea.

Kabla ya kutia sahihi, chukueni redio mbili za mfano mwende nazo doria ya usiku mzima, na ya tatu isiyo na ufunguo mwachieni fundi wa mawasiliano kambini, kwenye chaneli ileile, asikilize. Akiweza kuandika hata neno moja alilolielewa, mzigo urudi kwa mwenyewe.