Mfarishi wa Viraka: Mwanga na Kivuli Kabla ya Rangi

Kushona mfarishi wa viraka, yaani kitandiko kilichoungwa kwa vipande vya nguo mbalimbali, ni kazi ya wiki nyingi. Mama hukusanya mabaki ya leso, magauni yaliyowabana watoto na vipande vya kutoka kwa fundi cherehani, akakata na kuunga. Wapo wanaoimaliza kazi hiyo yote, wakatandika, kisha wakatazama kutoka mlangoni na kuona vurugu tupu: ua halionekani, wala nyota haionekani. Nguo zilikuwa nzuri na mshono ulikuwa imara. Kilichokosekana ni tofauti baina ya vitambaa vyepesi na vilivyokoza.

Jicho hulitambua umbo kwa mwanga na kivuli zaidi kuliko kwa rangi. Ushahidi tunao karibu. Zidaka za nyumba za kale za Lamu zimenakshiwa kwa chokaa, nyeupe juu ya nyeupe, na hata hivyo kila ua laonekana kwa sababu ya kivuli kinachotua katika michongo yake. Kinyume chake, kitambaa chekundu na cha kijani ni rangi zilizo mbali kabisa, lakini vikiwa vimekoza sawasawa, mpaka baina yao hufifia ukitazamwa kwa mbali.

Washonaji wa Marekani waliutumia ujuzi huu tangu karne ya 19. Mtindo wao mmoja mashuhuri huitwa Log Cabin, maana yake nyumba ya magogo. Kila mraba huanza kwa kipande kidogo katikati, aghalabu chekundu, mfano wa moto wa mekoni. Kukizunguka huungwa vitambaa vyembamba: pande mbili zinazopakana huwa nyepesi, na mbili zilizobaki huwa zimekoza. Hivyo mraba hugawanyika kwa mshazari, nusu mchana na nusu usiku. Miraba minne ikipangwa nusu zake nyepesi zikutane katikati, hutokea almasi ya mwanga. Ikigeuzwa, almasi huwa ya giza. Miraba ni ile ile, kilichobadilika ni mpango.

Wala hazihitajiki nguo za bei kubwa. Huko Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, wanawake walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa. Katika baadhi ya mifarishi yao, suruali za jinzi zilifumuliwa mifuko, na pale palipofunikwa na mfuko pakabaki na buluu iliyokoza katikati ya kitambaa kilichopauka. Uchakavu wenyewe ukawa pambo. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alizikusanya nguo za kazi za marehemu akazishona kuwa mfarishi wa kumkumbukia. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York; na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake.

Kwa mama anayetaka kuanza, afue vitambaa vyote kwanza, kwani kilichokoza kikichuja huharibu vyeupe. Kisha avigawe mafungu matatu: vyepesi, vya kati na vilivyokoza, bila kujali ni rangi gani. Vya kati hubadilika kwa jirani yao: buluu ya kadiri ni giza kando ya nyeupe, na ni mwanga kando ya kipande cha buibui. Leso zataka uangalifu, maana pindo na mji huenda vikatofautiana sana; kila sehemu ikatwe mbali na kupimwa peke yake.

Kabla ya kushona, vipande vipangwe sakafuni, naye asimame mbali, afumbe macho nusu. Au apige picha kwa simu, aiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Umbo likionekana humo, na ashone. Lisipoonekana, abadilishe vipande papo hapo: kupanga upya ni kazi ya dakika chache, kufumua ni kazi ya siku nyingi.

Basi ule mfuko wa mabaki ulio nyuma ya cherehani usitupwe. Umwagwe chini, upangwe upya kwa mwanga na giza. Huenda kitandiko kizima kimo ndani yake.