Chaja, betri au umeme? Pa kuanzia kabla ya kutoa fedha Kariakoo

WAFANYABIASHARA wanaotunza hesabu zao kwenye kompyuta za mpakato wanaijua adha hii: taa ya chaja inawaka, alama ya betri inaonyesha kuwa umeme unaingia, kisha baada ya dakika chache chaji inakatika. Waya ukitikiswa, inarudi. Kwa mwenye duka aliyebakiwa na saa chache kupeleka ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hilo si suala la fundi tu. Ni suala la fedha.

Mazoea ya wengi ni kukimbilia betri, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Betri ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa katika mashine hiyo, wakati kosa linaweza kuwa kwenye soketi, waya au chaja. Anayeanza kupima vitu vya bei ndogo hupoteza dakika chache. Anayeanza na betri anaweza kulipia betri nzima na kurudi dukani na ugonjwa uleule.

Soketi ndiyo ya kwanza. Katika vyumba vyembamba vya biashara vya Kariakoo, ekstensheni moja huweza kubeba feni, taa, friji na chaja za simu za jirani. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na chaja nyingi za mpakato zimeandikwa volti 100 hadi 240, hivyo volti zikishuka kidogo chaja haishtuki. Kinachoisumbua ni mguso mbovu. Mashine za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na adapta iliyolegea inatosha kukata chaji kila lori linapopita nje. Chaja ichomekwe moja kwa moja ukutani, katika soketi ambayo feni inazunguka bila kusita, bila ekstensheni wala adapta. Fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi ya pini tatu nayo itazamwe.

Umeme wenyewe una sehemu yake. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, ulipoanza kuzalisha Februari 2024, uhaba wa umeme nchini umepungua, lakini nguzo na transfoma ya mtaa ni habari nyingine. Kile kifaa kidogo kinachowekwa kwenye friji ili kuuchelewesha umeme unaporudi kinafaa hata kwa chaja.

Soketi ikiwa nzima, macho yahamie kwenye chaja, na hapa ndipo mnunuzi anapoumizwa zaidi. Kibandiko chake kina namba mbili muhimu, volti na ampea. Ukizizidisha unapata wati: volti 19.5 kwa ampea 3.34 ni wati 65, na kwa ampea 4.62 ni wati 90. Mashine iliyotengenezwa kwa wati 90 ikipewa chaja ya wati 65 inaweza kuwaka vizuri asubuhi, kisha ikaanza kupoteza chaji kazi zinapoongezeka. Baadhi ya chaja za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ambayo kazi yake ni kuiambia mashine chaja hiyo ni ya wati ngapi. Pini hiyo ikivunjika, au chaja ya bandia ikikosa taarifa hiyo, kompyuta huwaka lakini betri haipokei kitu. Wangapi wamebadilishiwa betri kwa sababu ya pini!

Fundi akipima chaja kwa mita na kusoma volti 19, bado hajathibitisha kuwa ni nzima. Chaja dhaifu inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka inapobebeshwa mashine. Kipimo cha kweli ni kuazima chaja nyingine ya wati zilezile, inayojulikana kuwa nzima, na kuiacha ikifanya kazi kwa nusu saa.

Mashine mpya zinazochajiwa kwa tundu la USB-C zina mambo yake. Chaja na kompyuta hukubaliana kwanza kuhusu volti, 5, 9, 15 au 20. Chaja ya simu inaweza kuonyesha alama ya chaji huku asilimia ikishuka. Waya nao una kikomo: wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo unatakiwa wa ampea 5.

Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani ina chaja za kila aina, orijino na feki zikiwa zimepangwa bega kwa bega. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, lakini mlalamikaji asiye na risiti hana pa kuanzia. Mnunuzi aende na kompyuta yake ikiwa na chaji kidogo, aichomeke hapo hapo dukani.

Ikiwa chaja nzima bado inakatika waya unapoguswa, kosa huenda liko kwenye tundu la kuchomekea. Katika baadhi ya mashine tundu hilo lina waya wake na hubadilishwa kwa bisibisi. Katika nyingine limelehemiwa kwenye bodi kuu, na kazi hiyo inataka mkono uliotulia. Muulize fundi ni lipi kabla ya kukubaliana bei.

Betri ndiyo ya mwisho. Kompyuta ikigoma kwenye asilimia 60 au 80 kila siku, huenda si ugonjwa: baadhi ya mashine, zikiwemo za Lenovo, zina mpangilio unaosimamisha chaji hapo ili kuitunza betri. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Tuseme ilikuwa 48,000 na sasa ni 19,200. Imebaki asilimia 40, na hapo kununua nyingine kuna maana. Betri iliyovimba haingoji ripoti. Itolewe kazini mara moja, isitobolewe wala kukandamizwa.

Anayenunua mpakato wa mtumba achomoe chaja mbele ya muuzaji, asome ripoti hiyo, na aondoke na risiti ya EFD yenye jina la duka, si namba ya simu ya winga.