Mtoto Hahesabiwi Mpaka Surua Ipite

Wahenga walinena kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Methali hiyo ilinijia akilini juzi nilipokuwa Migwani, ule mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Kitui kwenda Mwingi. Kwenye benchi la kliniki nilimkuta bibi mmoja mkongwe, kiondo miguuni, mjukuu mapajani. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda na punda kutafuta maji, kwa hiyo susu, kama sisi Wakamba tumwitavyo nyanya, ndiye aliyemleta mtoto kudungwa sindano ya miezi tisa.

Nilimwamkia, kisha katika mazungumzo nikamwuliza alijaliwa watoto wangapi. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, nilizaa tisa, wakabaki sita," akanijibu. "Zamani mtoto hakuhesabiwa mpaka surua ipite."

Wawili, alisema, walichukuliwa na surua katika msimu mmoja wa ukame. Wa tatu hakumaliza hata juma moja. Alinyonya vizuri siku za kwanza, kisha taya zikakazana na mwili ukawa mgumu kama kijiti. Majirani walisema ni jicho baya. Susu alilia, akazika, akanyamaza.

Ndugu msomaji, tukitazama desturi zetu tutaona kuwa wazee walijua vizuri hatari ya siku hizo. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko huko Kitui, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Kwa Mkamba, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Siku iliyofuata baba alimvisha mkufu shingoni. Kabla ya hapo alikuwa bado wa mizimu, hajawa mtu kamili wa nyumba ile.

Basi linganisha na ugonjwa uliomwua mtoto wa susu. Ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya mifugo, na huingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kisicho safi. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane hushindwa kunyonya. Mkufu wa baba ulikuwa wa upendo, lakini haukuweza kuzuia hayo.

Kinachozuia ni sindano anayodungwa mama mjamzito. Damu yake hutengeneza kinga, na kinga hiyo humfikia mtoto angali tumboni. Mwanamke akikamilisha dozi tano kwa mpangilio unaotakiwa, hukingwa kwa miaka yake yote ya kuzaa.

Mpango wa chanjo wa taifa ulianza Kenya mwaka 1980, mwaka ule ule dunia ilipotangaziwa kuwa ndui imekwisha. Maadui walikuwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Baadaye wengine waliongezwa, wakiwemo homa ya ini mwaka 2001, nimonia mwaka 2011 na kuhara kwa virusi vya rota mwaka 2014.

Na kwa nini surua ingoje miezi tisa? Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama. Akidungwa mapema mno, kinga hiyo huiua chanjo. Akicheleweshwa, surua humtangulia. Uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1977 ulisaidia kuufikia umri huo, na katika miaka hiyo watafiti walifuatilia surua na kifaduro vijijini kwa ndugu zetu wa Machakos. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba miezi tisa ni hesabu ya wageni. Damu ya watoto wa Kenya ilisaidia kuipata. Sindano ya pili hufuata akiwa na miezi kumi na minane, na wengi huisahau hiyo.

Hapo ndipo penye hatari. Mama kijana wa leo hajaona surua ikipita kijijini, kwa hiyo haiogopi. Maneno ya mitaani huogopwa zaidi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki nchini walidai kuwa chanjo ya pepopunda ilitiwa dawa ya kuzuia uzazi. Serikali, pamoja na mashirika ya WHO na UNICEF, ikakanusha, lakini hofu ilikwisha kuingia nyumbani. Tena lawama si ya akina mama peke yao. Katikati ya mwaka 2025 chanjo za BCG na polio zilipungua sehemu nyingi za nchi. Mama aliyetembea saa mbili juani akarudi mikono mitupu, atarudi tena lini?

Nilimwuliza susu kama hakuogopa yale maneno ya mitaani. Alicheka.

"Anayeogopa sindano hajamwona mtoto akishindwa kunyonya," akasema.

Jina lilipoitwa alisimama, akamshika mjukuu mkono kwa nguvu. Mtoto alipiga kelele, muuguzi akaandika katika kijitabu. Susu alikifunga kwa karatasi ya nailoni, akakitia kiondoni chini ya vitu vyote.

Nami nasema, kliniki zetu ziwape wakongwe kama hawa nafasi ya kusema na akina mama vijana pale kwenye benchi. Wao waliona. Serikali nayo ihakikishe kwamba jokofu halikauki, ili mama akifika na mtoto, chanjo iwepo. Tusingoje surua irudi kutufundisha kuhesabu upya.