Siri ya mgonjwa si mali ya karani

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni katika hospitali moja, nikingojea kupimwa shinikizo la damu, karani alipochungulia dirishani na kumwita mama mmoja kwa sauti ya mnadi: "Mama, wewe si wa dawa za ukimwi? Kliniki yenu iko kule nyuma!" Watu wote wakageuka. Mama yule hakwenda kule nyuma. Alijitanda leso, akatoka langoni.

Nilipomlalamikia karani, alinijibu kwa methali: "Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua." Mimi ni mwalimu wa isimu, na ni nadra kuona methali ikipotoshwa kiasi hicho. Wahenga walimsihi mgonjwa amfunulie tabibu. Hawakumruhusu tabibu, sembuse karani, kuutangazia umma. Isitoshe, aliyeaibishwa leo ndiye atakayeficha kesho, na hapo ndipo kifo kitakapomuumbua.

Sheria i wazi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kutoa habari za mgonjwa ila kwa idhini yake ya maandishi, kwa amri ya mahakama au matakwa ya sheria, au pale ambapo kunyamaza kunahatarisha vibaya afya ya umma. Nayo sheria ya ukimwi ya 2006 iliunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko kama ya mama huyu.

Mwaka 2018, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alipopasuliwa kichwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, taifa zima lilipiga kelele, na lilistahili. Lakini kosa la ulimi halitoi damu, nasi hulipuuza. Hospitali nayo husema, "Ni karani tu." La, hasha! Mwajiri huwajibika kwa makosa anayoyatenda mwajiriwa akiwa kazini, yawe ya kisu au ya kinywa.

Nashauri mambo mawili. Wagonjwa waitwe kwa nambari, na haki zao zibandikwe ukutani kwa Kiswahili sahili, pamoja na mahali pa kushtaki zinapovunjwa. Asiyeijua haki yake ataidai vipi?

Ama mama yule, sijui aliko. Ninalojua ni kwamba siku ile aliondoka bila dawa.